Fedha za mbio ziende wapi? Jibu kwa dada wa mgonjwa wa ALS, Usa River

Swali: "Daktari, pole na kazi. Kaka yangu ana miaka 54, ni fundi seremala hapa Usa River. Alianza kwa kushindwa kushika randa kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikakonda, halafu mguu ukaanza kuburuta. Sasa anaongea kama mlevi na wala hanywi. Tumezunguka hospitali zaidi ya mwaka mzima, ndipo tukaambiwa ni ALS, ugonjwa wa neva usiopona. Nyumbani tumegawanyika: wengine wanasema karogwa, wengine wanasema ni wa ukoo. Vijana wetu wanataka kukimbia Kilimanjaro Marathon wachangishe fedha za utafiti. Naomba utueleze ni ugonjwa gani huu, na hizo fedha tuzipeleke wapi."

Dada yangu, poleni sana. Mfikishie kaka salamu zangu, na umpe yeye mwenyewe ukimtazama machoni, usimpe mkewe azipokee kwa niaba yake. Naanza na hilo kwa sababu mtu akianza kukokota ulimi, watu huacha kuongea naye, wakaanza kumwongelea akiwa amekaa hapohapo. Wanadhani akili nayo imekwenda. Kwa wagonjwa wengi wa ALS akili inabaki, macho yanaona, masikio yanasikia, na ngozi inahisi mkono wako ukimshika. Wapo ambao fikra au tabia hubadilika kidogo, na wachache zaidi, kama mmoja katika kila kumi, hubadilika sana mwenendo na kushindwa kupanga mambo. Mkiona hivyo mtuambie kliniki. Jambo jingine mlijue mapema lisije likawagombanisha na majirani: ugonjwa huu unaweza kumfanya mtu acheke au alie bila kukusudia. Akicheka msibani si dharau, wala si pepo. Njia za ubongo zinazozuia kicheko na kilio zimelegea. Dawa za kupunguza hali hiyo zipo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mmekulia kwenye nchi ya mifereji, kwa hiyo nitatumia mfereji. Ili mkono ushike randa, amri hupita hatua mbili. Seli ya kwanza hutoka kwenye ubongo ikashuka ndani ya uti wa mgongo, kama mfereji mkuu unaotoka juu mlimani. Hapo hukutana na seli ya pili, ambayo ni kama mchirizi unaoingia kwenye shamba la mtu, nayo ndiyo inayoufikia msuli. Mchirizi ukifa, msuli hukauka ingawa wenyewe hauna kosa lolote. Ndiyo maana kidole gumba cha kaka kimekonda, na kabla ya kukonda misuli huchezacheza chini ya ngozi. (Kuchezacheza peke yake, bila udhaifu, si ugonjwa huu. Kope linalocheza baada ya usiku wa kukesha lisimtie mtu hofu.) Seli ya juu ikifa, matokeo ni tofauti: kiungo hukakamaa, na ukigonga goti kwa nyundo mguu huruka kupita kiasi. Katika ALS zote mbili hufa kwa pamoja. Daktari anapokuta mkono uliokonda ambao bado unaruka kwa nguvu ukigongwa, hapo ndipo moyo wake unaposhtuka, kwa sababu mambo hayo mawili hayakai pamoja mahali pengi.

Aliyeyaunganisha kwanza ni daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mwaka 1869, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Aliwafuatilia wagonjwa miaka kwa miaka wakiwa hai, akaandika alichokiona, na walipofariki akauangalia uti wao wa mgongo. Pembeni mwa uti alikuta pamekauka na kuwa pagumu. Ugonjwa haukupata jina hadi alipotokea mtu aliyekaa na wagonjwa wale muda mrefu na kuandika. Nitarudi hapo tukifika kwenye fedha zenu.

Kuhusu kurogwa na kurithi. Siwezi kumzuia mtu kuamini, na sala sijawahi kumkataza mgonjwa wangu. Ninachokataza ni kuacha kliniki. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti ya yule mchungaji aliyeitwa Babu. Siwalaumu waliokwenda, mgonjwa hutafuta popote. Lakini wapo walioacha dawa zao, na hao ndio walioumia. Kwa ALS, kila mwezi unaopotea njiani ni mwezi ambao kifua kingeweza kusaidiwa.

Kurithi kupo ila si kwa wengi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana ndugu wa damu aliyeugua vilevile. Waliobaki hutokea tu, bila historia katika ukoo. Kaeni na wazee mwaulize: kuna babu, shangazi au binamu aliyekonda viungo na kupoteza sauti, au aliyepotewa na akili mapema kabla ya uzee? Majibu yaandikeni. Kama hayupo, watoto wake wasiishi kwa hofu. Na hauambukizi kwa namna yoyote: sahani moja, kitanda kimoja, kikombe kimoja, hakuna shida.

Kabla ya kwenda mbele nina ombi. Hukuniambia vipimo gani vilifanyika. Kuchelewa mwaka mzima kabla ya jibu ni jambo linalotokea hata Ulaya, kwa sababu hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni ALS". Daktari hufika hapo kwa kuyaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, na huku kwetu yale mengine ni mengi na baadhi yanatibika. Shingo iliyochakaa pingili hubana uti wa mgongo, ikakausha mikono na kukakamaza miguu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo. VVU inaweza kuleta picha inayofanana na ALS, na wapo waliopata nafuu kwa dawa za ARV. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, sumu ya madini ya risasi, vyote huangaliwa.

Halafu kuna la Usa River hasa. Wewe unaishi jirani na Maji ya Chai na Ngurdoto. Maji ya chini ya Mlima Meru yana madini ya floridi mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wanajua yanavyofanya meno kuwa ya kahawia. Wasichojua wengi ni kwamba kwa mtu mzima aliyeyanywa miaka mingi, mifupa nayo hunenepa na kukakamaa, pingili zikaubana uti wa mgongo na mizizi ya neva, mikono na miguu ikadhoofika. Kaka anaongea kwa shida, na floridi haifungi ulimi, kwa hiyo utambuzi wenu huenda ni sahihi. Hata hivyo nataka faili lake liwe na picha ya MRI ya shingo, kipimo cha umeme wa misuli, na vipimo vya damu nilivyotaja. Kama havimo, ombeni rufaa ya KCMC, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, mwende na kila karatasi mliyonayo.

Sasa niseme lililo gumu, kwa kuwa umeniuliza kwa uwazi. Vipimo vikithibitisha kwamba ni ALS, ugonjwa utaendelea. Nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya takriban miaka mitatu tangu dalili ya kwanza, wengi kwa misuli ya kupumulia kuchoka. Mmoja katika kumi hupita miaka kumi. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akaishi hadi 2018. Hiyo ni nadra sana, msiiweke kama ahadi.

Dawa ya riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache, na ini lipimwe wakati anaitumia. Msiuze shamba kwa ajili yake peke yake. Kwa uzoefu wangu, fedha za familia hufanya kazi kubwa zaidi kwenye chakula, kupumua na kuwasiliana.

Chakula: kupungua uzito kunaharakisha ugonjwa, kwa hiyo apewe vyenye nguvu, na hapa tumebarikiwa. Mtori mzito uliosagwa vizuri hushuka kooni kwa usalama kuliko maji, maana maji ni mepesi na hukimbilia njia ya hewa. Ongezeni parachichi, siagi, maziwa. Akae wima, kidevu akiinamishe kidogo anapomeza, redio izimwe, asiongeleshwe. Akianza kukohoa kila mlo au mlo kuchukua saa nzima, ulizeni habari za mrija wa kulishia tumboni mapema, kabla kifua hakijadhoofu kiasi cha kufanya upasuaji huo mdogo kuwa wa hatari.

Kupumua: angalieni usiku. Akiamka na maumivu ya kichwa, akishindwa kulala chali, akisinzia mchana, misuli ya kifua inachoka. Mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku imeonekana kwenye utafiti kuwarefushia maisha kwa miezi wale ambao koo halijalegea sana, na kuwapa usingizi. Mtungi wa oksijeni peke yake ni jambo tofauti, na unaweza kumdhuru: tatizo lake ni hewa chafu kushindwa kutoka, na oksijeni nyingi huweza kuuzubaisha mwili uzidi kupumua kidogo. Akipelekwa zahanati usiku, mwenye kumpeleka aliseme hilo kwa sauti.

Miguu: TATCOT, chuo kilicho hapa Moshi kwenye eneo la KCMC, kinafundisha mafundi wa viungo bandia, vishikizo na viti mwendo tangu mwaka 1981. Kishikizo chepesi cha kifundo cha mguu kinaweza kumzuia kaka asijikwae sasa hivi. Na maumivu, mikazo, mate yanayojaa mdomoni, vyote vina dawa za kawaida na za bei nafuu. Timu ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyepona, ya Hospitali ya Selian, Arusha, wana mazoea ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Msisubiri siku za mwisho ndipo muwatafute.

Kuwasiliana ndiko ninakokupenda zaidi, kwa sababu Kiswahili chetu kinasaidia. Misuli ya macho kwa kawaida hubaki hadi mwisho. Vibao vya herufi vinavyotoka nje vimepangwa kwa lugha za watu wengine. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na irabu ni tano tu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Marangu, mgonjwa wangu, alitengenezewa kibao na binti yake kutokana na chati ya darasa la kwanza: konsonanti zimeandikwa kwa mistari minne. Binti anagusa mstari, baba anapepesa jicho, anagusa konsonanti, baba anapepesa, kisha anataja a, e, i, o, u, baba anapepesa. Neno "maji" lilikuwa tayari kwa silabi mbili. Aliandika wosia wake kwa kibao kile, na kwa kibao hichohicho akamkemea mkwe aliyeuza ng'ombe bila kumwuliza.

Nije kwenye mbio. Vijana wakimbie, nawapongeza. Mwaka 2014 watu duniani walijimwagia maji ya barafu, na wagonjwa wawili vijana, Pete Frates na Pat Quinn, ndio waliosukuma kampeni ile mbele. Chama cha ALS cha Marekani kilipata dola milioni 115 katika wiki chache. Sehemu ya fedha hizo ilichangia mradi mkubwa wa kuchunguza jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, na mwaka 2016 ikagunduliwa kwamba jeni iitwayo NEK1 inahusika na ugonjwa huu. Kwa hiyo fedha za watu wa kawaida zimeshafanya kazi.

Lakini sipendi mkadhani utafiti ni fedha tu. Mwaka 1993 jeni ya kwanza, SOD1, ilipatikana kwa sababu familia zilizokuwa zikizika watu kila kizazi zilikubali kutoa damu. Dawa inayoilenga, tofersen, imeidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hesabu: miaka 30. Inafaa kwa kama wagonjwa wawili tu katika mia, wale wenye jeni hiyo, na hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Wengi wa waliotoa damu ile hawakuiona dawa hiyo. Damu hizo zilikuwa za Wazungu kwa sehemu kubwa sana. Watafiti wa Cape Town wameanza kuchunguza jeni za wagonjwa wa Afrika Kusini, ila kwa bara zima tulichoandika ni kidogo mno.

Tufanye hesabu ya kwetu. Ulaya hupata wagonjwa wapya kama 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa sensa ya 2022, Arusha na Kilimanjaro zina watu takriban milioni 4.2. Kwa kiwango kile wangekuwa zaidi ya 80 kila mwaka. Watu wetu ni vijana zaidi, na ugonjwa huu hupenda umri mkubwa, basi tupunguze hadi nusu. Hao arobaini wako wapi? Kliniki siwaoni. Naamini wengi wamezikwa kwenye vihamba vyao kwa jina la kiharusi, au la kurogwa.

Na kuhesabu tunakuweza. Huko Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kutafuta ugonjwa wa Parkinson, wakakuta kwamba wengi wa waliougua hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Mfano ulio karibu zaidi na wa kaka ni ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walianza kukakamaa miguu ghafla, wengi wakiwa wanawake na watoto. Konzo nayo hushambulia zile seli za juu, ila hupiga mara moja kisha husimama. Daktari William Howlett wa KCMC na wenzake, akiwemo Hans Rosling wa Sweden, waliwaendea, wakawapima, wakauliza wanakula nini. Ilikuwa mihogo michungu iliyoandaliwa haraka kwa sababu ya njaa, sumu yake haijatoka. Mwaka 1990 jarida la Brain lilichapisha kazi hiyo, na wagonjwa wa Mara wakawa sehemu ya yale madaktari wanayojifunza kuhusu konzo. Sikuahidi kwamba ALS itafumbuliwa hivyo. Ninachosema ni kwamba konzo ilieleweka kwa sababu walikuwapo watu waliokwenda kuwauliza wagonjwa, na kuandika.

Kwa hiyo ushauri wangu: gawanyeni michango, na wachangiaji waambiwe mgawanyo huo kabla ya mbio, siyo baada. Sehemu moja ni ya kaka, bila aibu. Sehemu ya pili ibaki Moshi. Kila daktari anayesomea ubingwa KCMC analazimika kufanya utafiti wake mwenyewe kabla ya kuhitimu. Orodha ya wagonjwa wa neva za mwendo wa kanda hii, yenye umri, dalili ya kwanza, maji wanayokunywa na walivyoendelea, ni kazi inayomtosha mmoja wao. Haihitaji maabara ya mabilioni. Inahitaji nauli ya mgonjwa wa Rombo, Same au Karatu kufika kliniki mara nne kwa mwaka, pamoja na vocha ya kumpigia asipoonekana. Fedha zenu zinatosha hapo, wakati kwenye akaunti za vyama vya nje zingekuwa tone. Zipelekeni kwenye ofisi ya utafiti ya KCMC, mpewe risiti, wala zisiingie kwenye simu ya daktari yeyote, mimi nikiwemo.

Na mkiombwa kaka ashiriki utafiti wowote, ulizeni kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha kamati ya maadili, na fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili mnachokielewa. Ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu. Mtu akiwadai fedha ili kaka aingie kwenye jaribio la dawa, au akiwauzia seli shina za nje ya nchi kwa dola, ondokeni. Hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kwa ALS hadi leo.

Wiki hii fanyeni jambo moja ambalo halina gharama. Sauti yake bado inasikika, basi mpeni kijana mmoja simu, akae naye karakana asubuhi kabla hajachoka. Amrekodi akieleza jinsi ya kunoa randa, namna ya kuitambua mbao ya mvule na ya msindano kwa kuigusa, anavyoita majina ya watoto wake mmoja mmoja. Warudie kila mwezi, tarehe ileile, na maneno machache yawe yaleyale kila mara. Faili moja libaki kwenu, na nakala ya yale maneno ya kila mwezi mniletee kliniki, kwa sababu nikiyasikiliza mfululizo nitajua koo linaenda kwa kasi gani na lini tuzungumzie ule mrija.